Andakoti ya rangi kali: mwongozo kamili kwa kuta za Malindi

Mama mmoja wa Muyeye alitaka sebule yake iwe nyekundu, ile ya pilipili iliyoivia mtini. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, mkavu, plasta yake ina miaka mitatu. Nikaiona kazi nyepesi: weupe ni usafi, nyekundu itawaka juu yake. Koti la kwanza likatoka waridi lenye michirizi. La pili likawa jekundu pale rola ilipokandamiza, na waridi pale ilipopita haraka. Nikapaka la tatu, nikapaka la nne. Magharibi ya siku ya pili mama akasimama mlangoni, taa imewashwa, akasema, "Mwanangu, mbona ukuta umeota mba?" Alisema kweli. Koti la tano ndilo lililofunika, na pesa ya makopo mawili ya ziada ilitoka mfukoni mwangu, maana bei ya kazi nilikuwa nimeshampa.

Kosa halikuwa kwenye ile nyekundu. Lilikuwa chini yake. Ukuta ule ulitaka andakoti, yaani koti la chini linalotangulia rangi ya juu, ya kijivu, mara moja tu, kisha nyekundu mara mbili. Tangu siku hiyo sinunui rangi ya juu kabla sijajua itakalia nini.

Kwa nini rangi kali haifuniki

Ndani ya kopo la rangi ya ukuta mna gundi inayoshika, mna maji au tapentaini, na mna unga unaoipa rangi sura yake. Unga unaofunika kuliko mwingine ni ule mweupe wa titani. Mwanga ukiugonga hutawanyika huku na huku kabla haujafika ukutani, ndiyo maana krimu, buluu ya mawingu na rangi zote zilizopoa hufunika kwa koti mbili: zimejaa weupe huo. Nyekundu ukiitia weupe mwingi inakuwa waridi. Manjano inakuwa siagi. Kwa hiyo unapoagiza rangi kali, mwenye duka huchukua kopo la besi, yaani rangi ambayo bado haijakolezwa, isiyo na weupe au yenye kidogo sana. Mwombe akufungulie kabla hajaliweka kwenye mashine ya kuchanganyia. Utaona kitu kama uji mwepesi. Ukikipaka peke yake kwenye kioo kikakauka, unaona upande wa pili. Humo ndimo zinamotiwa rangi kali, na nyingi kati yake hupitisha mwanga kama kioo cha rangi. Jicho linaona rangi pamoja na kilicho chini yake.

Mafundi wazee husema manjano ya zamani ilifunika kwa koti mbili, na wanasema kweli. Ilikuwa na kromati ya risasi, unga unaofunika vizuri sana na unaoharibu ubongo wa mtoto anayemeza vumbi lake. Siku hizi kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika milioni, na manjano tunayopata imetengenezwa kwa unga mwingine, salama zaidi lakini dhaifu katika kufunika. Basi ukikwangua mlango au ukuta wenye rangi ya mafuta ya miaka mingi, lowesha kwanza, tumia msasa wa maji, zoa maganda yote uyatie kwenye mfuko wa taka, na watoto wakae mbali mpaka umalize kupiga deki.

Ziko rangi nzito zinazofunika bila tabu, nazo ni zile za kutu ya chuma: nyekundu ya tofali, kahawia, manjano ya udongo. Jua la hapa haliwezi kuzipausha kirahisi. Mteja akikubali nyekundu ya tofali badala ya ile ya pilipili, nusu ya mwongozo huu hauhitaji. Mimi huwaonyesha zote mbili kabla hawajaamua. Wengi bado huchagua ya pilipili, nami nawaelewa.

Hatua ya kwanza: uulize ukuta

Andakoti ina kazi mbili, na watu huzichanganya. Kazi moja ni kuufunga ukuta: kuzuia alkali (ule ukali wa simiti mpya), vumbi na madoa, na kuipa rangi ya juu mahali pa kushika. Wengine hiyo huiita praima. Kazi ya pili ni kuipa rangi ya juu mwili, yaani kuweka chini yake kivuli kinachoisaidia. Kopo moja huweza kufanya zote mbili, au ukahitaji makopo mawili. Hujui mpaka umeukagua ukuta wenyewe.

Kwetu pwani adui wa kwanza ni chumvi. Mawe ya matumbawe asili yake ni bahari, upepo huleta chumvi kila siku, na kuna wajenzi waliochota mchanga ufuoni badala ya kununua wa mto Sabaki. Chumvi ya kawaida ina tabia hii: hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji ya hewani mpaka iyeyuke. Usiku wa kusi hewa yetu huvuka hapo mara nyingi. Ndiyo sababu unaamka ukuta umetota na mvua haikunyesha, kisha saa nane mchana umekauka na kuacha unga mweupe. Kila ukikauka, chumvi hurudi kuwa chembe ngumu, na chembe zikigandia nyuma ya rangi huisukuma nje. Hapo ndipo yanapoanza malengelenge, kisha maganda.

Kuujua unga wa chumvi, weka tone la maji juu yake. Wa chumvi hupotea. Wa chokaa au chaki hubaki. Ukiwa wa chumvi, usiuoshe ukuta, maana maji yatairudisha ndani. Piga brashi ngumu ukuta ukiwa mkavu, zoa, ngoja wiki moja, piga tena. Ikirudi mara ya tatu, tafuta inakotoka: bomba linalovuja, choo cha upande wa pili, udongo uliorundikwa nje hadi juu ya msingi. Mara nyingi inabidi plasta ya mita moja ya chini ing'olewe na kupigwa upya kwa mchanga wa mto. Mteja hapendi kulisikia neno hili. Mwambie tu, kwa sababu hakuna andakoti inayoshinda chumvi ambayo bado inatoka.

Kisha unyevu. Kata kipande cha nailoni safi isiyo na tundu, ukubwa wa karatasi mbili za daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache kutwa kucha. Kesho yake matone yakiwa upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na kazi ingoje. Yakiwa upande wa nje, hiyo ni hewa tu.

Jaribio la tatu ni la alkali, na hili ninalipenda kwa sababu dawa yake iko jikoni. Plasta mpya ya simiti ni kali sana. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake kabla haijapoa hugeuka sabuni, kwa maana yake halisi: alkali na mafuta ndivyo vinavyotengeneza sabuni. Hata baadhi ya unga wa rangi kali huchujuka ukikutana nayo, na ukuta wako wa manjano ukabaki na mabaka yaliyopauka bila hata kuguswa na jua. Chukua nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, koroga katika kikombe cha kahawa cha spiriti ya kusafishia vidonda, acha itulie. Lowesha sehemu ndogo ya plasta kwa maji safi, chini karibu na sakafu, kisha gusisha pamba yenye ile bizari. Ikigeuka papo hapo kuwa nyekundu nzito kama juisi ya ukwaju, alkali bado iko juu. Ikibaki manjano au kuelekea chungwa hafifu, ukuta umepoa. Jaribio hili halitoi namba, na halifuti kanuni ya kungoja siku 28 baada ya plasta kupigwa. Linakuonya tu pale mwenye nyumba anapoapa kwamba plasta ni ya mwezi uliopita na kumbe ni ya juzi.

Mwisho pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, kuna vumbi la chokaa ya zamani. Bandika selotepu, ikandamize, ing'oe kwa nguvu: ikija na rangi, rangi hiyo haina mshiko na lazima ikwanguliwe. Tazama pia kama nusu ya chini ya ukuta ina rangi ya mafuta, kama tulivyozoea kwenye varanda na madarasa. Inang'aa na maji huteleza juu yake.

Hatua ya pili: aina ya andakoti

Plasta ya simiti isiyofika mwaka hutaka praima ya kuzuia alkali. Hapa usibane pesa, hasa kwa manjano, chungwa na nyekundu, kwa maana hizo ndizo alkali inazozichezea zaidi.

Plasta ya zamani iliyo mkavu na safi, au ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya maji yenye mshiko, unatosheka na andakoti ya maji ya akriliki. Hii ndiyo ninayoitumia sana. Hukauka mapema, haina harufu ya kumwumiza mtu kichwa, na inakubali kutiwa rangi.

Juu ya rangi ya mafuta, osha kwa maji ya sabuni, suuza, piga msasa mpaka mng'ao ufe, kisha paka andakoti ya mafuta, au ile ya maji ambayo kibandiko chake kinasema wazi kuwa inashika kwenye rangi ya mafuta. Andakoti ya mafuta pia ni ya mbao na chuma. Kwenye plasta mbichi isikaribie.

Jiko la kuni au mkaa lina tatizo lake. Moshi wa miaka una mafuta na rangi ya kahawia, na andakoti ya maji hulowesha madoa hayo yakapanda juu. Unapaka manjano Jumatatu, Alhamisi unaona mawingu ya kahawia juu ya jiko. Osha kwa sabuni ya unga na maji moto, suuza mara mbili, acha ikauke, kisha paka praima ya kuziba madoa, ya thina au ya spiriti, mahali penye moshi tu. Fungua madirisha yote na jiko lisiwe na moto.

Ukuta wa chokaa inayotoa vumbi hutaka praima nyepesi ya kushika vumbi, inayozama ndani. Ile nzito itakaa juu ya vumbi na kubambuka nalo.

Neno kuhusu ubora. Niliwahi kuuziwa debe lililoandikwa andakoti, bei nafuu, na ndani kulikuwa na chaki nyingi na gundi kidogo. Baada ya wiki mbili rangi ya juu ilitoka kwa mapande, nyuma yake kweupe kama unga wa sima. Siku hizi, kopo nisilolijua nalipaka kwanza juu ya kigae kilichovunjika, nakiacha siku nzima, kisha nakisugua kwa kitambaa chenye maji mara ishirini. Andakoti nzuri inabaki. Ile ya chaki inageuka maziwa.

Na nyumba za zamani? Kuta za mawe na chokaa za Shela ya hapa Malindi, na nyingi zaidi za Lamu, si za mwongozo huu kabisa. Zilijengwa zipumue: unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Tazama makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Ijumaa hapa Malindi, matumbawe na chokaa, yamesimama karne kadhaa hewani. Ukiziba ukuta kama huo kwa andakoti ya mafuta au ya plastiki, maji hukwama ndani, chumvi hukusanyika, na plasta nzuri ya chokaa huanza kuporomoka kama biskuti iliyochovywa chai. Andakoti ya ukuta wa chokaa ni chokaa yenyewe, nyepesi kama maziwa, koti tatu au nne, kila moja ikipakwa juu ya ukuta uliorashiwa maji. Rangi unaichanganya ndani ya chokaa, na ni lazima iwe ile inayovumilia chokaa: manjano ya udongo, nyekundu ya kutu ya chuma, au ile buluu ya kufulia waliyotia mabibi zetu kwenye chokaa ili nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Hutapata nyekundu ya pilipili kwa njia hii. Utapata rangi ambazo zinapauka taratibu na kwa uzuri. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubadili rangi ya nje ya nyumba huko, anza na ofisi ya uhifadhi.

Hatua ya tatu: rangi ya andakoti

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Watu hudhani chini ya rangi kali lazima pawe peupe. Kinachotakiwa ni andakoti yenye giza sawa na rangi ya juu. Nyekundu ya pilipili, ukiiondolea wekundu, inabaki kijivu cha kati, karibu na kiza. Manjano ya ndimu, ukiiondolea umanjano, inabaki karibu nyeupe. Andakoti ikiwa na giza sawa na la rangi ya juu, penye rangi nyembamba na penye nzito huonekana vile vile, na michirizi ya rola inapotea machoni.

Huna haja ya kifaa cha bei. Paka rangi ya juu kwenye kipande cha kadibodi koti tatu hadi ifunike kabisa. Paka vipande vingine kwa vijivu vitatu, hafifu, cha kati, kizito. Vikikauka, vipange kivulini kando ya rangi yako, piga picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kijivu kinachopotea kando ya rangi yako ndicho chako. Nimeifanya mbele ya wateja mara nyingi, na huwa wanataka kushika simu waone wenyewe.

Nyekundu, basi. Kijivu cha kati ndicho kinachofunika haraka: koti mbili za nyekundu nzuri na umemaliza. Inatoka nzito kidogo, yenye kina. Mteja akitaka nyekundu inayowaka kabisa, ya nyanya, tumia andakoti ya waridi iliyokolea, iliyotiwa ile ile rangi nyekundu. Hapo huenda ukahitaji koti la tatu, na mwambie mapema.

Manjano ndiyo yenye adabu ngumu. Usiikalishe juu ya kijivu hata siku moja. Itatoka ya kijanikijani, kama ndimu iliyoanza kuharibika, na huwezi kuirudisha kwa kuongeza koti. Manjano inataka weupe unaofunika kweli, yaani ukuta usibakishe kivuli cha kiraka, cha penseli wala cha rangi ya zamani. Baada ya hapo ninapaka koti la pili la andakoti ile ile nyeupe nikiwa nimeitia manjano kidogo, mpaka iwe rangi ya siagi. Koti hili watu huliruka. Ndilo linalotofautisha ukuta wa manjano uliojaa na ule unaoonekana kama chai ya maziwa iliyomwagiwa maji. Bibi mmoja wa Barani anayeuza mahamri alitaka kibanda chake kionekane kutoka kituo cha matatu. Rangi yake ya zamani ilikuwa buluu ya bahari. Tulitia nyeupe mbili, siagi moja, manjano mbili. Aliponiona nafungua nyeupe ya pili akauliza, "Fundi, mimi nimenunua manjano, hiyo nyeupe yote ya nani?" Nikamwonyesha pembeni, mahali nilipokuwa nimepaka manjano juu ya nyeupe moja tu: buluu ilikuwa inachungulia kijani. Akaagiza tuendelee.

Chungwa huipata nguvu juu ya manjano hafifu au pichi. Juu ya nyeupe tupu inafunika polepole, juu ya kijivu inakuwa ya kutu.

Buluu nzito na zambarau hukaa vizuri juu ya kijivu cha kati au buluu hafifu. Feruzi, ile ya maji ya Watamu wakati wa kaskazi, ina weupe wake wa kutosha. Nyeupe au kijivu hafifu sana kinatosha. Kijani cha majani ya mwembe kinapenda kijivu hafifu, lakini kijani cha ndimu kina manjano ndani, kwa hiyo kifanyie kama manjano. Waridi kali inataka nyeupe safi.

Hatua ya nne: kuchanganya

Maduka mengine yatakutilia rangi kwenye andakoti kwa mashine. Waambie na uondoke na namba ya mchanganyiko imeandikwa kwenye kifuniko. Ukifanya mwenyewe, nunua rangi ya kukolezea inayofaa rangi ya maji. Kwa kijivu, anza na nusu kijiko cha chai cha nyeusi kwa lita 1 ya andakoti nyeupe. Nyeusi ina nguvu kuliko unavyodhani. Izimue kwanza ndani ya kikombe cha andakoti, kisha umimine kikombe hicho kwenye kopo, ukoroge mpaka chini, dakika tatu kamili, ukikwangua pembe. Usipofanya hivyo utapata mishipa myeusi inayotokea ukutani katikati ya kazi.

Rangi ya maji huwa nzito zaidi ikikauka, kwa hiyo usihukumu ikiwa mbichi. Na rangi ya kukolezea ina kikomo chake, kimeandikwa kwenye chupa. Ukikipita, andakoti haikauki sawasawa na inapoteza mshiko. Ndiyo maana huwezi kugeuza andakoti nyeupe iwe nyekundu ya pilipili kwa kumimina chupa tano.

Changanya ya ukuta mzima kwa mara moja, ndani ya debe moja. Kopo la pili halitafanana na la kwanza hata ukihesabu matone.

Hatua ya tano: hesabu ya makopo

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kimo cha kuta mita 2.7. Mzunguko ni mita 14, kuta zote mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha moja, unabaki na 34 na nusu hivi. Kwenye ukuta laini, lita 1 hupaka mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo koti moja ni karibu lita 3 na nusu. Nyekundu mara tano, kama nilivyofanya Muyeye, ni lita 17 na kitu. Kijivu mara moja na nyekundu mara mbili ni lita 3 na nusu za andakoti na lita 7 za nyekundu, yaani makopo matatu ya lita 4. Na lita ya rangi kali ndiyo ya bei ya juu dukani, andakoti iko chini yake.

Plasta yenye mchanga mkavu hunywa zaidi. Kwa koti la kwanza hapo, hesabu mita 6 au 7 kwa lita.

Hatua ya sita: siku ya kupaka

Miezi mizuri ya kuta za nje kwetu ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zimekatika. Mei usijaribu nje kabisa. Asubuhi ngoja umande ukauke, kisha fuata kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Malindi iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na ukuta uliopigwa na jua la saa sita hukausha andakoti juu kabla haijashika chini. Ukiweka kiganja ukutani na huwezi kukiacha kwa raha, ni moto mno.

Ziba nyufa na matundu kwa puti, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Puti hunywa rangi kuliko plasta, kwa hiyo gusa viraka vyote kwa andakoti kwanza, viache vikauke, ndipo upake ukuta mzima. Ukiruka hili, kila kiraka kitaonekana kupitia nyekundu kama alama ya ndui.

Anza na brashi kwenye pembe, dari na kando ya milango, upana wa vidole vinne, kisha ingia na rola kabla pembe hazijakauka. Fanya kazi kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama katikati ya ukuta. Simu ikilia, iache. Rola ya manyoya mafupi inatosha ukuta laini. Ya manyoya marefu ni ya plasta ya chengachenga. Usiivute rola mpaka ilie, irudishe kwenye trei mapema.

Andakoti ya maji hutaka saa mbili hadi nne kabla ya koti linalofuata, lakini siku ya kusi yenye unyevu, mpe saa sita. Ya mafuta, mpaka kesho yake. Kandamiza kidole gumba na ukizungushe: ikiteleza chini yake, bado. Ikikauka, pitisha msasa laini wa namba 180 au 220 kwa mkono mwepesi, futa, kisha washa taa na uimulike kutoka kando, ubavu kwa ubavu na ukuta. Kasoro zote zitajitokeza hapo, na kuzirekebisha kwenye kijivu ni kazi ya dakika kumi. Kwenye nyekundu ni kazi ya kutwa nzima na kopo jipya.

Rangi ya juu ikishapakwa mara mbili, ngoja usiku mmoja kabla ya kuamua kama inahitaji ya tatu. Itazame asubuhi na jioni, maana mwanga wa taa ya njano huficha mabaka ambayo jua la dirishani litayafichua. Andakoti iliyobaki mimina kwenye chupa safi iliyojaa hadi shingoni, funga sana, andika tarehe, chumba na vijiko vya nyeusi ulivyotia, uiweke ndani ya nyumba mahali pasipo jua. Mtoto akigongesha baiskeli ukutani mwakani, utaziba, utagusa kwa kijivu hicho hicho, na nyekundu itakalia juu yake bila kuacha alama.